Alien Mezani Baraka: Mchezo wa Zimwi, Mkataba na Fungu la Mtu wa Kazi

Niseme mapema, tena kwa sauti: kama kuna mchezo mmoja wa mezani ambao vijana wa Baraka, Fizi na Mboko wanapaswa kuutafuta mwaka huu, ni Alien: The Roleplaying Game. Nimeusoma usiku kwa taa ya sola, nimeuchezesha kwa Kiswahili mbele ya watu ambao hawakuwahi kusikia habari ya michezo ya aina hii, na bado mwili unanisisimka ninapoandika. Si kwa sababu ya zimwi peke yake. Zimwi lipo, na linatisha kwelikweli. Lakini kilichoniteka ni watu wanaokutana nalo: watu wa kazi, wanaosafirisha mawe ya kampuni iliyo mbali, wenye mkataba mrefu na malipo mafupi, ambao siku moja wanagundua kwamba kuna amri waliyofichwa. Sisi wenye migodi ya Misisi na Lulimba ndani ya territoire yetu ya Fizi, hadithi hiyo tunaifahamu kabla hatujafungua sanduku!

Ndiyo maana nasema bila kusitasita: mchezo huu ulitungwa Sweden kutokana na filamu ya Alien iliyotengenezwa Uingereza, lakini mtu wa Fizi ataucheza vizuri kuliko wengi.

Ni mchezo gani huu?

Kwa asiyejua: hapa hakuna ubao wa kushindania kama ludo, wala mshindi mmoja anayeondoka na kila kitu. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja, mwongozaji, anasimulia: meli ilivyo, mlango unavyofunguka, kitu kinachokwaruza nyuma ya ukuta. Wengine kila mmoja anabeba mhusika wake, anasema kwa kinywa chake, anaamua atafanya nini. Jambo likiwa gumu, dadu zinarushwa, na zinachosema zimesema.

Aina hii ya mchezo ilianza Marekani mwaka 1974 na Dungeons & Dragons. Filamu za anga hazikuchelewa kuingia: Star Wars ilipata mchezo wake mwaka 1987 kutoka kwa West End Games, na Aliens ikapata wake mwaka 1991 kutoka kwa Leading Edge Games. Huu tulionao ulitoka mwaka 2019, ukichapishwa na Free League ya Sweden. Sheria zake ni kazi ya Tomas Härenstam, dunia yake imeandikwa na Andrew E. C. Gaska, na picha zake, zilizojaa giza na ukungu kiasi kwamba unasogeza ukurasa karibu na taa kutafuta kilichojificha, zimechorwa zaidi na Martin Grip. Mwaka 2020 ukatwaa dhahabu ya tuzo za ENNIE katika kundi la mchezo bora. Baada ya kuucheza, sishangai hata kidogo.

Mimi nilianzia kwenye sanduku la wanaoanza. Lilitumwa na ndugu aliyehamishiwa Marekani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, likapita Kigoma, likavuka ziwa, likafika Baraka likiwa zima. Ndani yake kuna kitabu cha sheria kilichofupishwa, kisa kamili kinachoitwa Chariot of the Gods, wahusika watano waliokwisha tengenezwa, ramani kubwa yenye picha pande zote mbili, karata 56, vipande 84 vya karatasi ngumu, na dadu 20: 10 nyeusi za kawaida na 10 za njano. Shika hizo za njano, zigeuze kwenye mwanga. Pale ambapo dadu nyingine ina 1, hizi zimechorwa kile kidudu chenye miguu ya buibui kinachorukia uso wa mtu katika filamu. Mchoro huo mdogo ndio utakaokunyima usingizi.

Dadu za wasiwasi

Hapa ndipo nilipomaliza kusoma ukurasa, nikasimama, nikatembea chumbani, nikarudi kuusoma upya. Sheria ni nyepesi mno. Mhusika ana mambo manne ya asili: nguvu, wepesi, akili na huruma. Juu yake kuna ujuzi 12, tatu kwa kila jambo. Ukitaka kufungua mlango uliokwama, unajumlisha nguvu na ujuzi wako, unapata idadi ya dadu, unazirusha. Ikitokea 6 hata moja, umefaulu. Isipotokea, unaweza kukaza: unazirusha tena zile zilizokataa. Lakini ukikaza, unachukua dadu moja ya njano ya wasiwasi, nayo inabaki kwako.

Sasa sikia uzuri wake. Dadu za wasiwasi zinakusaidia! Unazirusha pamoja na zile nyeusi, na 6 yake ni 6 kama nyingine. Mwenye dadu 5 nyeusi ana nafasi karibu asilimia 60 ya kufaulu. Mwongezee 3 za njano, nafasi inapanda hadi karibu asilimia 77. Mtu mwenye hofu anakuwa mwepesi, anasikia zaidi, anainua vitu ambavyo asubuhi asingeweza. Nani hajaona hivyo? Lakini dadu hizo 3 zina nafasi ya asilimia 42 ya kutoa angalau kidudu kimoja, na kidudu kikitokea, kukaza kumekwisha: lazima urushe dadu ya kiwewe na kuijumlisha na wasiwasi ulionao. Ikifika 7, mambo yanaanza kuharibika. Ni kama mtumbwi mdogo uliofungwa mota kubwa: unakwenda mbio kuliko yote, na wimbi la kwanza linaupindua.

Na kiwewe kinaambukiza! Ukipata 7, unaanza kutikisika, na kila mwenzako aliye karibu anaongezewa wasiwasi. Ukipata 12, unapiga yowe, na kila rafiki aliyesikia lazima naye arushe dadu ya kiwewe. Mara moja meza nzima inakwenda chini, mmoja ameangusha tochi, mwingine ameganda, wa tatu anakimbilia mlango uleule ambao tulikubaliana usifunguliwe. Hakuna aliyepangiwa kuigiza woga. Sheria imeuweka woga mikononi mwao, njano, unahesabika, na wao wenyewe ndio waliouchukua dadu moja baada ya nyingine.

Hewa, maji, chakula na umeme vinahesabiwa kwa njia hiyohiyo. Hewa yako ikiwa 4, ukifika wakati wa kupima unarusha dadu 4 za wasiwasi, na kila kidudu kinakupunguzia moja. Huandiki dakika wala lita. Unajua tu kwamba ilikuwa 4, sasa ni 2, na mlango wa kutokea bado uko mbali. Pale mezani kwangu kulikuwa na mama aliyerudi kutoka Tanzania kwa meli, enzi zile UNHCR ilipoanza mwaka 2005 kuwavusha wakimbizi kutoka Kigoma hadi Baraka. Aliposikia sheria ya maji hakuhitaji maelezo ya pili. Aliwagawia wenzake kwa zamu, akaweka akiba ya siri, na ndiye aliyewafikisha watu sehemu ya tatu ya kisa.

Fungu, mkataba na karata iliyofichwa

Filamu yenyewe, Alien ya Ridley Scott, ilitoka mwaka 1979. Watu saba na paka mmoja wako ndani ya meli Nostromo, wanavuta mtambo wenye tani 20,000,000 za mawe ya madini kuelekea Dunia. Kompyuta inawaamsha usingizini kabla ya safari kwisha kwa sababu kuna ishara imesikika. Mafundi wa chini, Parker na Brett, wanauliza swali ambalo mchimbaji yeyote angeuliza: hii kazi ya ziada inalipwa? Wanajibiwa kwamba mkataba unawalazimisha kuichunguza ishara hiyo, na anayekataa anapoteza fungu lake lote. Baadaye kabisa inajulikana kwamba kampuni ilikwisha toa amri ya siri yenye namba 937: kiumbe kiletwe, na wafanyakazi wakifa si hoja.

Nimeitazama filamu hiyo nikiwa na watu waliofanya kazi mashimoni. Kwenye zimwi walishtuka kama watu wote. Kwenye mazungumzo ya fungu walicheka, wakaanza kuongea filamu ikiendelea, kila mtu na habari yake: PDG wa shimo aliyetoa chakula na mafuta ya pampu, kisha akakata gharama zake kwanza kabla mawe hayajagawanywa, wageni waliokuja na makaratasi kutoka mjini na kusema kilima kina mwenyewe. Mchezo huu umeichukua sehemu hiyo ya filamu kwa uzito wote, na kwangu hapo ndipo ulipo ukubwa wake.

Namna yake ni hii. Ukicheza kisa cha kifilamu, hadithi imegawanywa sehemu tatu, na mwanzoni mwa kila sehemu kila mchezaji anapewa karata ya lengo lake la siri. Mwenzako anataka kurudi nyumbani na pesa. Wewe unataka kuokoa mtu fulani. Yule anayetabasamu ana sababu zake. Ukilifuata lengo lako, hata likikuumiza, mwongozaji anakupa alama ya hadithi, na alama hiyo unaweza kuitumia baadaye kupata ushindi mmoja bila kutegemea dadu. Unaona ujanja wake? Mchezo unamlipa mtu kwa kuwa mkweli kwa mhusika wake, na wahusika wamepangwa ili maslahi yao yagongane.

Katika Chariot of the Gods, kuna meli ya mizigo iitwayo Montero inayokatishwa safari na kukutana na Cronus, meli iliyopotea kwa miongo mingi. Sitasema zaidi, atakayekufichulia kisa hiki amekuibia. Nitasema tu wahusika: Miller ndiye kapteni, Davis rubani, Rye na Cham ni watu wa suluba, na Wilson ni wakala wa kampuni. Kwangu Miller alikuwa muuguzi, Rye alikuwa kijana wa taxi-moto, na Wilson nikampa mwalimu wa sekondari, mtu mpole anayesema taratibu.

Meli mbili zilipokuwa zimekwisha unganishwa na mlango unasubiri kufunguliwa, yule kijana aliweka dadu zake chini.

«Mama Kapteni, kwa heshima yako. Kabla hatujaingia mule, tuongelee franga.»

«Tutaongea tukirudi, mwanangu.»

«Tukirudi tuko wangapi? Mwalimu hapa ameshika makaratasi. Mwalimu, tusomee tafadhali.»

Na mwalimu, kwa sauti yake ya darasani, akaanza kuwasomea mkataba ambao haukuwepo, akiutunga palepale, kifungu baada ya kifungu, na katikati akaruka kifungu kimoja. Meza yote ilimwona akiruka! Hakuna sheria iliyomwambia afanye hivyo. Alikuwa na karata yake kifuani, alijua anachotaka, na alijua vizuri jinsi makaratasi yanavyosomwa mbele ya watu wasiopewa nakala. Kijana akasimama. Kapteni akampigia meza mwalimu na kumwomba arudie mstari. Zimwi halikuwa limetokea bado. Hakuna dadu iliyorushwa. Na tayari ulikuwa mchezo mkali kuliko wowote niliowahi kuuona.

Nyuzi zinazofika Kongo

Mwongozaji wa mchezo huu anaitwa Mama, kama kompyuta ya Nostromo inavyoitwa na wafanyakazi wake. Jina la Nostromo nalo lina safari ndefu. Limetoka kwenye riwaya ya Joseph Conrad ya mwaka 1904, inayohusu mgodi wa fedha na nchi inayosambaratika kwa ajili yake. Sulaco, meli ya askari katika Aliens ya mwaka 1986, ni jina la mji katika riwaya hiyohiyo. Na Conrad ni yule aliyepanda mto Kongo mwaka 1890 ndani ya meli Roi des Belges hadi Stanley Falls, Kisangani ya leo, akaona biashara ya mfalme Leopold kwa macho yake, akaja kuandika Heart of Darkness. Free League wameutumia uzi huo hadi mwisho: kisa chao kikubwa cha mwaka 2022 kinabeba jina hilohilo, Heart of Darkness.

Fikiria maana yake. Filamu inayosifiwa dunia nzima kwa kuonyesha kampuni isiyojali uhai wa mtu imebeba jina la meli yake kutoka kwa mwandishi aliyeiona kampuni ya namna hiyo hapa kwetu. Conrad aliwaandika Wakongo kama vivuli vya ukingoni, na Chinua Achebe alimlaumu kwa haki. Ndiyo sababu nafurahi mno kuona mchezo ambao ndani yake Mkongo anakaa katikati ya meza, anashika usukani, anauliza makaratasi yasomwe, na hadithi haiwezi kusonga bila yeye kusema.

Afrika ilikuwemo hata ndani ya ngozi ya zimwi. Aliyelivaa vazi lile lililobuniwa na Mswisi H. R. Giger alikuwa Bolaji Badejo, Mnigeria aliyekuwa akisomea sanaa ya michoro London, kijana mwembamba mwenye urefu wa zaidi ya mita 2. Na Parker, yule fundi anayedai fungu lake, ni Yaphet Kotto, Mmarekani mweusi aliyeonekana pia mwaka 1977 kama Idi Amin katika Raid on Entebbe. Ukimpa mchezaji wako nafasi ya fundi wa chini ya meli, mwambie habari ya Kotto kwanza. Atakaa vizuri kwenye kiti.

Ukimaliza kisa kimoja

Kisa cha kifilamu kinachezwa jioni mbili tatu na wahusika wengi hawatoki hai. Hilo limepangwa hivyo, na halikuachi nje: mhusika wako akifa, unachukua mwingine aliyemo melini na kuendelea. Lakini kitabu kikubwa cha sheria, ambacho nimeanza kukipekua kwenye PDF, kinafungua njia ya pili, ya kampeni. Mwaka ni 2183. Makampuni na mataifa yanagombania mipaka ya anga, makoloni yanafunguliwa na kutelekezwa, na wewe unachagua maisha yako kati ya kazi tisa: askari wa makoloni, mlinzi wa sheria, wakala wa kampuni, mtoto, mganga, afisa, rubani, mtu wa suluba au mwanasayansi. Unaweza pia kuwa mtu wa kutengenezwa, mashine yenye sura ya binadamu, na wenzako wasijue.

Kuna majedwali ya kutunga sayari, koloni, mizigo na kazi za kubeba. Nilikaa nayo jioni moja na kichwa kikawaka moto! Nimeanza kutunga koloni kwenye ufuko wa ziwa refu, kilomita 673 kutoka ncha hadi ncha, lenye kina cha mita 1,470, ambapo samaki wanaishi tabaka la juu tu kwa sababu huko chini maji hayana oksijeni. Wavuvi wanatoka usiku na taa. Mamlaka nne zinadai kila moja ukingo wake. Milimani kuna dhahabu. Msomaji wa Baraka ameshajua nimelitoa wapi ziwa hilo. Sikubadilisha hata tarakimu moja. Kilichobaki ni kuamua kampuni inatafuta nini chini kule kwenye giza, na kwa nini imeacha kununua dhahabu.

Visa vya mapigano ya meli na meli angani havijanichangamsha sana. Vina hatua nyingi na watu wawili wanaweza kukaa wakisubiri zamu. Nimeviruka na sijavikosa. Nguvu ya mchezo huu iko koridoni, mlangoni, kwenye kipima mwendo kinacholia haraka na haraka zaidi huku hakuna anayeona kitu.

Neno la uangalifu

Nalisema hili kwa moyo wote. Mchezo huu unatisha kwa makusudi, na huku kwetu kuna watu waliokimbia mwaka 1996, wakakimbia tena mwaka 1998, na wengine wengi baada ya hapo. Kujificha na kushika pumzi wakati kitu kinapita nje, kwa baadhi yao, si hadithi. Kabla ya kucheza, mwongozaji awaulize watu faraghani ni mambo gani yasiguswe, na kila mtu awe na haki ya kuinua mkono na kusema tuache hapa, bila kuulizwa sababu. Watoto wadogo wasiwepo. Mimi niliondoa kabisa matukio ya kuvamiwa usiku, na kisa hakikupungukiwa na lolote.

Lakini nimeona pia upande wa pili, na umenigusa. Nimeona watu wakicheka kwa nguvu baada ya kiwewe kupita. Nimeona mtu mkimya akipiga meza na kusema hapana kwa kampuni nzima. Hofu iliyokaa mezani, yenye namba na yenye mwisho, ikiwa na chai na wenzako pembeni, watu wazima wanaweza kuichagua na wanaweza kuifunga.

Utaupataje?

Hakuna duka la michezo hii Baraka wala Uvira, kwa hiyo njia ni mbili: ndugu aliye ng'ambo akutumie sanduku, au ununue PDF na kuisoma kwenye simu. Faili ni zito kwa ajili ya picha, lipakue mahali penye mtandao mzuri. Kwa waliosoma kwa Kifaransa kuna habari njema: toleo la Kifaransa lipo, limechapishwa na Arkhane Asylum. Free League nao mwaka 2025 walifungua mchango wa toleo jipya, Evolved Edition, kwa hiyo mchezo una uhai mrefu mbele yake. Huhitaji toleo jipya ndipo uanze. Sheria za 2019 zimekamilika.

Na dadu zisikuzuie. Dadu za ludo za sokoni zinatosha kabisa! Chukua nyeupe ziwe za kawaida. Chukua nyingine, upande wa 1 upake rangi ya kucha nyekundu, uache ikauke vizuri. Hizo ndizo za wasiwasi. Tulipoketi wengi, dadu 10 za njano hazikutosha, tukaongeza za ludo zenye nukta nyekundu, na nakuambia, mtu alipoona nyekundu imelala juu, alishtuka kuliko kwa kile kidudu cha kiwandani.

Karata za siri ziandike upya kwa Kiswahili kwenye vipande vya daftari, kwa maneno ya watu wako. Ujuzi uite kwa majina ya kazi wanayoijua. Wahusika waache na majina yao ya kigeni au wape mapya. Kwangu Cham akawa Mbembe kabla hatujamaliza chai. Kisa kinashika palepale.

Uamuzi wangu

Nunua. Azima. Omba. Kama una nafasi ya kupata kitu kimoja tu, pata sanduku la kuanzia na ucheze Chariot of the Gods na watu wasiozidi watano, kuanzia jioni, simu zikiwa zimezimwa. Wilson mpe mtu ambaye kila mmoja anamwamini. Fundi mpe anayejua kudai. Kapteni mpe aliyezoea kulea watu wengi kwa kidogo, na wa namna hiyo Fizi tunao tele.

Kisha, nawaomba waandishi, walimu na wasimulizi wa huku kwetu: chukueni sheria hizi mtunge visa vyenu. Zana zote zimo: majedwali, karata, dadu za hofu, mkataba, amri ya siri. Dunia imefurahia kwa zaidi ya miaka 40 hadithi ya watu wa kazi waliouzwa na kampuni yao pamoja na mawe waliyobeba. Waliowahi kuyabeba mawe yenyewe bado hawajaisimulia upande wao kwa dadu na karata. Kisa cha kwanza cha Alien kilichoandikwa kwa Kiswahili kinaweza kutoka Baraka, na mimi nimekwisha anza cha kwangu. Andikeni na ninyi, tubadilishane, tuone meza ya nani itatoka hai!